Kikwembe cha Pili

Anayetafuta mapenzi ya maua na marashi akasome kwingine. Mapenzi ya Virginie yalikuwa na mpini wa jembe ndani yake, na jino la mtu lililoangukia kwenye sahani ya samaki, na mimi siwezi kuyasimulia kwa sauti ya kubembelezea mtoto.

Jumapili ile asubuhi, baridi ya Juni ikiwa bado imekaa juu ya mabati ya mtaa wa Kenya, Virginie binti Numbi alijifunga kikwembe chake, kitenge cha kiunoni, kama kawaida. Halafu akachukua kingine cha kitambaa kilekile, akakizungusha kiunoni juu ya kile cha kwanza, akakaza fundo. Akajitazama. Akatoka nje kwenda misa.

Ni jambo dogo, kufunga kikwembe. Lakini katika mji wetu wa Lubumbashi msichana hufunga kimoja, na cha pili ni cha mwanamke mwenye mume. Hata mlevi anayerudi nyumbani kwa kutambaa analijua hilo, na akikutana na mwanamke wa vikwembe viwili hufunga mdomo wake akampisha. Virginie hakuwa na mume. Alikuwa fundi wa kushona nguo, mzuri wa sura na mgumu wa shingo, na hakuna ukoo uliokuwa umetoa mali, yaani mahari, kwa ajili yake.

"Eh, Virginie!" Adolphine, jirani yao, alimwita kutoka kwenye bomba la maji. Adolphine ndiye aliyekuwa mdomo wa mtaa; habari ikilala kwake, asubuhi imeshafika Kipushi. "Kikwembe ya pili? Uliolewa lini, na sisi hatukunywa hata kopo ya munkoyo?"

Virginie alitabasamu.

"Bwana ni nani? Mbona unanyamaza? Jana tu nilikuletea habari ya Kalaba, leo unatoka na bikwembe mbili!"

Kwa jina lile Virginie alikosea. Kinywa hakukifungua, lakini macho yake yalikwenda ng'ambo ya barabara kubwa, upande wa Katuba, yakakaa huko kuliko inavyofaa. Adolphine aliyaona. Akaitua ndoo yake.

"Ayii," alisema polepole. "Kumbe njo vile."

Huyo Kalaba wa Katuba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mrefu, mpole, mwenye kope zilizoungua kidogo kwa moto wa kazi yake. Mwaka uliotangulia aliitwa kuchomelea mguu wa cherehani ya Virginie. Kazi ilikuwa ndogo, akaikokota mpaka jioni. Kila alipoinua kioo chake cheusi alikuta macho ya Virginie yanamngoja, akakishusha tena haraka kama mtu aliyetazama jua. Mvua za kwanza zilipoanguka alikuja kumposa, pamoja na mjomba wake mzee Nkandu, mfanyabiashara wa samaki mwenye kamyo lake, lori la kuleta samaki kutoka Kasomeno. Walikuja kwa adabu, na kuku mkononi. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka baba Numbi alipouliza swali moja.

"Batoto benye batazaliwa, batakuwa ba nani?"

"Kwetu mutoto ni wa jamaa ya mama, na ya bayomba yake," alijibu mzee Nkandu. "Kwa hiyo batakuwa benu. Sisi hatutabagombania."

"Benu namna gani? Kwetu Baluba mutoto ni wa baba. Batoto ya binti yangu batakuwa benu."

"Hapana, baba. Benu."

"Benu!"

Wazee wale walirushiana wajukuu ambao hata hawajazaliwa, kila mmoja akiwasukuma upande wa mwenzake, mpaka baba Numbi akasimama.

"Basi batakuwa batoto ya hewa! Binti yangu hatazalia hewa. Kamata kuku yako."

Mzee Nkandu alimchukua kuku wake. Matusi aliyoyaacha mlangoni sitayaandika. Kalaba alimtazama Virginie mara moja, mtazamo mrefu wenye maumivu, akamfuata mjomba wake, na tangu siku hiyo hakurudi.

Ndipo Virginie alipoingia katika kundi la sala la mama Clotilde. Walikutana chumbani kwake, wanawake peke yao, mshumaa mmoja mezani. Mama Clotilde hakuwa tapeli, nisimsingizie. Aliamini kila neno alilolisema na hakuchukua hata likuta, hata senti moja ya mtu.

"Wazo iko na nguvu kupita mukono," alifundisha. "Mungu aliwaza, njo dunia ikakuwa. Na weye ni mutoto yake. Chagua kintu moja, moyo yako yote ikae pale. Usiwaze mbili. Uione, usikie na sauti yake."

"Na nikiisha kuiona, mama?" aliuliza Virginie.

"Unaishi sawa imekwisha kufika. Muntu mwenye kungojea mugeni anafagiaka lupango, kiwanja yake yote, mbele mugeni hayafika. Lakini usiseme kwa kinywa! Wazo ni sawa maharagi mu chungu, ukifunua-funua haiivi."

Virginie alichagua. Wenzake waliomba mume, kazi, mtoto, hivihivi kwa jumla. Yeye alikuwa mshonaji, alipenda vipimo. Aliiweka mbele ya mshumaa picha nzima: Kalaba amesimama mbele ya watu, mbele ya kaka zake Virginie mwenyewe, anasema kwa sauti isiyotetemeka, "Ni muke yangu." Hayo tu. Aliyasikia maneno hayo asubuhi akiwasha mbabula ya makaa na jioni akikunja kitambaa, akiyasikia mpaka nywele zinamsimama. Akaanza kufagia kiwanja mara mbili kwa siku. Akaanza kumtengea Kalaba sahani ya bukari, ugali wetu, akaificha chini ya kitanda, mpaka mama yake akadhani nyumba imeingiwa na panya wa ajabu.

Jumamosi Adolphine akaleta habari. Mzee Nkandu amepata msichana Kasomeno. Kalaba atapanda kamyo Jumapili baada ya chakula cha mchana kwenda kumwona, na huko wameshaloweka mahindi ya pombe.

Virginie hakulia. Alijiambia kwamba wazo lake bado lina njaa, fagio na sahani havijalishibisha. Asubuhi akalilisha na kikwembe cha pili.

Aliporudi kutoka misa, habari ilikuwa imemtangulia nyumbani. Baba Numbi alikuwa amekaa na koti lake la Jumapili, mikono juu ya magoti. Mama Honorine, mama wa Virginie, alisimama mlangoni ameshika kichwa. Kaka mkubwa, Rigobert, mtu wa kupakia shaba, alikuwa anatembea toka ukuta hadi ukuta, na chumba kilikuwa kidogo kwa mwili wake. Nyuma yake alisimama mdogo wake Pierre, kama siku zote, akingoja kuonyeshwa wa kumkasirikia.

"Fungua ile kintu," alisema Rigobert.

Virginie alilishika fundo kwa mikono miwili.

"Nilikuwa ku bar na bantu ya kazi. Bananiuliza, 'Shemeki yako Kalaba anatoa bière ya ndoa lini?' Mbele ya bantu! Nani alikuoa?"

"Mwanangu, sema ni muchezo," mama Honorine alimsihi. "Sema tu ni muchezo, na itaisha."

Neno moja lingetosha, Mungu anajua. Lakini Virginie aliangalia jua kupitia mlangoni, akaona mchana umefika. Kamyo lilikuwa bado halijaondoka. Kulitoa neno sasa hivi kungekuwa kufunua chungu wakati maji ndiyo yanachemka. Akabana midomo.

Kofi la kwanza lilimgeuza uso. La pili lilimpasua mdomo. Mama yake akapiga yowe, akajirusha katikati, Rigobert akamweka pembeni kwa mkono mmoja. Virginie alifumba macho akalishika wazo lake kwa nguvu zote, ile sauti, yale maneno, na damu ilipomjaa mdomoni akaimeza. Usoni mwake mlikuwa na utulivu uliomtia Rigobert wazimu.

"Papa, angalia! Ninamupiga, ye iko sawa muntu mwenye kulala!"

"Mwache," alisema baba Numbi. Aliinuka, akamsogelea binti yake, na sauti yake ilikuwa na machozi. "Virginie. Ni baba yako njo anakuuliza. Ule kijana ya Nkandu alikukamata mu giza, bila kutoa mali, nyuma ya mugongo yangu?"

Alinyamaza. Ee Virginie, ungetikisa hata kichwa!

"Kunyamaza ni kukubali," alisema mzee. Alikaa tena, na akaonekana amezeeka palepale. "Rigobert."

Jina lilitosha. Rigobert alichukua mpini wa jembe nyuma ya mlango, akatoka, Pierre akamfuata.

Kwa dakika moja Virginie alifurahi. Wanakwenda kumleta, alifikiri, watamleta hapa, atasimama mbele yao na atasema. Ndipo akaona nafasi tupu nyuma ya mlango, mahali mpini ulipokuwa. Alitoka mbio na viatu akaviacha.

Kwenye kiwanja cha mzee Nkandu, Katuba, kamyo lilikuwa limeshafunguliwa mlango wa nyuma. Jirani mmoja alikuwa anatwanga sombe ya majani ya mihogo kivulini. Kalaba na mjomba wake walikuwa mezani, wanamalizia bukari na samaki kabla ya safari. Rigobert hakupiga hodi. Aliipindua meza kwa teke.

"Mwizi!"

"Rigobert?" Kalaba alisimama, mchuzi unamtiririka kwenye suruali ya safari. "Kuko nini?"

"Unamukamata dada yetu mu giza, halafu unapanda kamyo?"

"Mi? Dada yenu nilimukamata..."

Mpini ulimpata begani kabla hajamaliza. Aliyumba, akashika kiti, kiti kikavunjika naye.

"Munakuwa bawazimu?" Mzee Nkandu alipiga kelele. "Baba yenu njo alitukatala! Alirudisha hata kuku!"

Pierre alimsukuma mzee ukutani akamkaba pale. Majirani walianza kujaa, wengine juu ya ukuta, watoto wakipenya kati ya miguu. Rigobert alikuwa ameshainua mpini tena Virginie alipoingia. Pumzi ilikuwa imemwishia. Mdomo umevimba, damu kwenye kidevu, na kiunoni vikwembe viwili, fundo juu ya fundo.

Majirani walisogea kumpa njia. Kalaba alimwona. Aliangalia mdomo wake kwanza, akakunja uso kana kwamba yeye ndiye aliyepigwa. Halafu macho yake yakashuka kwenye kikwembe cha pili, yakakaa pale, yakapanda tena taratibu mpaka kwenye macho yake. Tangu siku ya kuku walikuwa hawajatazamana. Virginie aliona swali machoni mwake, akaona na lile penzi alilolitafuta kwenye mshumaa miezi yote ile, halijapungua hata kidogo.

"Njo huyu," alisema Rigobert. "Bantu bote baangalie. Sasa unijibu neno moja, Kalaba. Ni muke yako, ao hapana? Kama unasema hapana, basi ni mwanamuke ya barabara. Nitamuvua bikwembe yote mbili hapahapa, arudie kwetu vile, bantu bamuone. Jibu."

Kulikuwa na "hapana" ya kweli, tayari mdomoni. Kalaba hakuwa amemgusa Virginie hata kidole. Kamyo lilikuwa pale, na Kasomeno pombe ilikuwa inachachuka kwa ajili yake. Alijifuta mchuzi mkononi. Akasimama wima.

"Ni muke yangu," alisema. Sauti yake haikutetemeka. "Tafuta kiti, ukae, shemeki."

Ngumi ilimkuta mdomoni. Jino likaruka, likaanguka kwenye sahani ya samaki iliyokuwa chini. Kalaba aliinua mkono wa kulia kujikinga, na Rigobert akaushusha mpini juu yake kwa mikono yote miwili. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Kila mtu kiwanjani aliusikia.

Ila Virginie. Hapa nitasema kweli, hata kama msomaji wangu atamchukia. Virginie hakuusikia mfupa. Alikuwa bado anayasikia maneno. Yalikuwa yenyewe, kwa sauti ileile, mbele ya watu, mbele ya kaka zake, kama alivyoyapima. Furaha ilimpanda toka miguuni mpaka kichwani, akacheka. Alisimama katikati ya kiwanja kile na meno yote nje, huku mwanaume aliyempenda anavunjwa.

Mpini ulishuka tena, mbavuni. Ndipo Kalaba akalia, sauti ya mtoto, na Virginie akaamka. Aliona mkono ule unaning'inia upande usio wake. Aliomba maneno, juu ya mkono hakuwa amesema kitu.

"Uongo!" alipiga kelele. "Rigobert, acha! Anadanganya! Hakunioa! Hakunishika hata kidole!"

"Unamutetea!"

"Ni mi njo nilijifunga kikwembe! Mi peke yangu, juu nilikuwa nasali! Kalaba hakujua! Yaya, kaka yangu, acha, hakujua!"

Lakini mtu aliyeonja hasira hashibi upesi. Rigobert alisikia, nina hakika alisikia, na bado aliinua mpini mara nyingine, safari hii juu ya kichwa. Virginie alimnyang'anya jirani mchi wake, mzito, kijani kwa sombe. Hakufumba macho. Alimpiga kaka yake kando ya sikio.

Rigobert alipiga magoti. Pierre alimwacha mzee akaja kumshika dada yake kwa nyuma, akamziba mdomo. Kosa. Virginie aliuuma mkono ule mpaka meno yakakutana na kitu kigumu, Pierre akaruka akimlilia mama yake. Mchi ukapanda tena, ukamshukia Rigobert mgongoni, akalala kifudifudi kwenye bukari iliyomwagika. Ukapanda mara ya tatu.

"Binti, utaua muntu!" Mzee Nkandu aliushika mchi kwa juu. "Utaua muntu, binti yangu. Ni kaka yako."

Virginie aliushusha mchi. Aliinama karibu na sikio linalovuja damu.

"Nilisema hakunioa. Sasa unasikia?"

"Ninasikia," alisema Rigobert ardhini.

"Alidanganya juu ya kunikinga, usinivue nguo mbele ya bantu. Weye kaka yangu ungenivua. Unasikia na ile?"

Rigobert aliuficha uso kwenye mkono wake. Alianza kulia, jitu zima lile, mabega yakimcheza. Virginie alikifungua kikwembe cha pili, akamtupia kichwani ajifungie damu. Pierre alimwinua kaka yake, wakatoka wameshikana, na watu wakawapisha.

Baadaye, majirani walipokuwa wameanza kuibeba hadithi hiyo nyumbani kwao, mzee Nkandu alimpandisha Kalaba kwenye kamyo. Alikuwa amemfunga mkono kwa vipande vya mbao na kamba ya magunia.

"Kasomeno kuko muzee ya kutengeneza mifupa," alisema. "Tunaenda vilevile. Safari ni moja."

Ndiyo, safari ilikuwa moja. Atafungwa mkono, na huyo msichana atakuja kumshikia bakuli la uji. Virginie alielewa hilo vizuri sana. Alisogea nyuma ya kamyo. Kalaba alikuwa amekaa kwenye magunia matupu, ameegemea ubao, jasho linamtoka baridini. Hakumtazama.

"Ulisema ulikuwa unasali," alisema. Pengo jipya lilimfanya aongee taratibu.

"Ndiyo."

"Miezi yote ile?"

"Kila siku. Nilikuwa nakuwaza mbele ya mushumaa."

"Mushumaa." Alitema damu pembeni. "Toka kwenu mpaka hapa ni barabara moja, Virginie. Kila jioni nilikuwa naweka kiti pale ku mulango, naangalia ile barabara. Nilisema, kama ananitaka atapita. Hata kupita tu, sawa anaenda ku soko. Hukupita hata siku moja."

"Na weye? Miguu yako ilikuwa wapi?"

"Baba yako alirudisha kuku!"

"Alirudisha kuku, hakukukata miguu!"

Walitazamana kwa hasira, na hasira ile ilikuwa na joto lote ambalo hawakuwa wamepeana tangu mvua za kwanza. Virginie aliinua mkono amguse shavu lililovimba. Kalaba alirudisha kichwa nyuma.

"Kuko kintu nilikiona," alisema.

"Kintu gani?"

"Saa Rigobert alivunja mukono, nilikuangalia. Nilisema, nikimuona ye, nitavumilia." Alipangusa damu mdomoni. "Ulikuwa unacheka."

Angeweza kukataa. Angeweza kusema ni machozi, ni maumivu ya mdomo, ni jua. Akamtazama usoni.

"Nilicheka," alisema.

"Juu ya nini?"

"Ulisema 'ni muke yangu.' Njo maneno yenye niliomba, ileile. Nilisikia maneno, sikusikia mufupa." Machozi yalimtoka sasa, akayaacha. "Nisamehe, Kalaba. Sikuona mukono yako. Nilikuwa naona mambo yangu tu."

Kalaba alizitazama mbao zilizoufunga mkono wake.

"Rigobert ninamujua," alisema mwishoni. "Anapigaka, anachoka, analia. Weye sijui unachokaka lini. Minakuogopa, Virginie. Minakupenda, na minakuogopa kupita ye. Rudia kwenu."

Mzee Nkandu alipiga ubao wa kamyo kwa kiganja. "Binti, sogea. Tunaenda. Na usiku huu kule ni baridi."

Injini iliwaka. Magunia yakaanza kutikisika, na Kalaba akauma meno yaliyobaki. Virginie alirudi hatua nyuma kama alivyoambiwa. Kwa mazoea alifumba macho, akautafuta mshumaa, akaitafuta ile sauti. Hakuipata. Alisikia mfupa, sasa ndipo alipousikia, kavu, ukivunjika tena na tena.

Akafumbua macho. Kamyo lilikuwa linasogea. Aliweka mguu mtupu juu ya tairi ya akiba iliyofungwa nyuma, akashika mnyororo, akajivuta juu mbele ya Katuba nzima, kichwa wazi, kikwembe kimoja kiunoni, damu ya watu watatu kwenye blauzi. Mwanamke mmoja ukutani akapiga kigelegele, mwingine akamzaba mgongoni anyamaze.

"Unaenda wapi?" Kalaba alishangaa.

"Kasomeno."

"Kule kuko mwanamuke anangojea."

"Nitamusalimia."

"Baba yako atakuja na bantu. Atatuua bote!"

"Aje. Barabara ni moja."

"Shuka, Virginie!"

Virginie alikaa kwenye gunia mbele yake, akakunja miguu, akajifuta kidevu kwa mkono.

"Unishushe," alisema. "Na mukono gani?"

Kamyo likashika njia.